Dungu la moto: lindo la mlimani ni nini?

Aliyewahi kuamia ndege kwenye mpunga analijua dungu: jukwaa la miti lililoinuliwa shambani ili mlinzi aone mbali. Lindo la moto ni dungu la namna hiyo, ila shamba lake ni msitu mzima na mwizi anayeviziwa ni moshi. Ni kibanda cha madirisha pande zote, kimekaa kileleni au juu ya mnara, na ndani yake huishi mtu, mara nyingi peke yake, msimu wote wa ukame. Minara ya kazi hiyo ipo hata kwenye shamba la miti la Sao Hill, Mufindi. Lakini ilikoenea kuliko kote ni Marekani.

Shirika la Misitu la nchi hiyo lilianzishwa mwaka 1905. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910 upepo mkali uliivuvia mioto iliyokuwa ikifuka Idaho na Montana. Ekari zipatazo milioni 3 ziliteketea na watu zaidi ya 80 wakafa, wengi wao wakiwa wazimaji. Tangu hapo ikawa lazima moto ukutwe ungali mchanga, na vilele vikaanza kupata walinzi.

Mmoja wao alikuwa Hallie Daggett. Mwaka 1913 alipewa lindo la Eddy Gulch, kaskazini mwa California, akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Shirika hilo kwa kazi ya kuangalia moto. Kibanda chake kilikuwa na simu ya waya, na dada yake alimpandishia chakula kila wiki. Msimu ule wa kwanza aliripoti mioto kama 40, na eneo lote lililoungua halikufika ekari 5. Alirudi pale kwa miaka 15.

Sasa, kuona moshi si kazi. Kila mwenye macho anauona. Kazi ni kusema uko wapi, maana ukipiga simu na kusema “kule ng'ambo ya ule mlima” hakuna atakayekuelewa. Ndiyo maana kwangu moyo wa lindo si kibanda, bali chombo alichobuni William Osborne mwaka 1911. Ni sahani ya chuma ya mviringo yenye ramani juu yake, na lindo lenyewe limewekwa katikati kabisa ya ramani hiyo. Ukingoni kuna pete yenye nyuzi 360. Mlinzi huizungusha, huchungulia kwenye kitundu cha upande mmoja, na kuulenganisha moshi na unywele wa farasi uliokazwa upande wa pili. Anasoma namba, anapiga simu.

Namba hiyo moja inatoa upande tu. Umbali bado ni wa kukisia. Lakini mlinzi wa kilele kingine akiuona moshi uleule na kutaja namba yake, ofisini wanachora mistari miwili kwenye ramani. Inapokatana ndipo penye moto. Kwa hiyo lindo moja peke yake ni nusu ya kazi.

Radi nayo ilikuwa jirani mbaya. Kibanda kilichosimama juu kuliko kila kitu huivutia, basi mlinzi alikuwa na kigoda chenye miguu ya kioo, kisichopitisha umeme, akakipanda na kungoja ipite.

Kuanzia mwaka 1933 vijana wa mpango wa ajira wa Rais Roosevelt walijenga malindo mengi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baadhi yalitumika kuangalia ndege za adui. Mafanikio yalikuwa na gharama: mwaka 1935 iliamriwa kila moto udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata, na misitu iliyokuwa imezoea kuungua kidogo kidogo ikaanza kurundika kuni za kulisha mioto mikubwa zaidi.

Kisha zikaja ndege za doria, halafu kamera na setilaiti. Vibanda vingi vilibomolewa au kuachwa, na vingine hupangishwa kwa wapanda milima. Mia kadhaa bado vina walinzi, na katikati ya chumba mara nyingi utakikuta chombo cha Osborne kingali kazini.