Springi Hazinyanyui Difu

Sijui nani aliyewaambia watu kwamba ukifunga springi za kunyanyua kwenye mkonga, yaani Land Cruiser HZJ75, difu nayo inapanda. Haipandi! Kwenye gari hilo ekseli ni gogo moja toka gurudumu hadi gurudumu, mbele na nyuma, na difu, lile bonge lenye gia, imo humo humo. Springi iko kati ya ekseli na chasisi, kwa hiyo unachonyanyua ni bodi. Difu itaendelea kukwangua tuta la katikati ya njia kama ilivyokuwa ikikwangua juzi.

Difu hupandishwa na tairi, tena kwa nusu tu ya tofauti. Toa 235/85R16, kipenyo milimita 806 hivi, weka 285/75R16 yenye 834: umeongeza 28, difu imepata 14. Na bado unadaiwa rimu pana, maana ile nyembamba ya inchi 5.5 haifai kwa 285. Spidomita nayo itasoma 80 wakati unakimbia karibu 83.

Sasa kunyanyua kunasaidia nini? Hilo tairi kubwa lipate nafasi, na bampa zisigonge ukiingia na kutoka korongoni. Basi. Mengi ya magari haya hayahitaji hata hilo. Springi zimelala tu, zinataka kurudishwa zilipokuwa. Pima toka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Usipime toka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Mzigo, jamani, mzigo! Boksi la springi likiandikwa "50", yaani zinanyanyua milimita 50, hiyo ni kwa uzito ambao springi ilitengenezewa. Springi ya kubeba kilo 300 za kudumu ukiifunga kwenye gari tupu, nyuma itapanda kupita hiyo 50 na kwenye rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana barabarani, gari litarukaruka hadi tairi liache barabara. Gari la watalii lenye paa la kufunguka, friji, tangi la pili na spea mbili, ukalipa springi laini, litalala tena upesi. Lipeleke mizani kwanza, ndipo uagize. Na hili la kuchomeka jani, yaani bamba la springi, la lori la Fuso katikati ya springi za Toyota liishe. Jani hilo lina unene na mkunjo wake, halilingani na wenzake, mzigo unakaa sehemu moja na jani kuu linakatika.

Shakoli ndefu, vile vipande vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi, ni ujanja wa bei rahisi. Ukiongeza milimita 50 unapata kama 25, na ekseli inageuka. Lala chini uangalie: shakoli ikiwa mbele ya springi ya mbele, kasta (ule mlalo wa ekseli kwa nyuma unaonyoosha usukani) inapungua, usukani haurudi wenyewe na gari linatangatanga kwenye lami. Dawa ni kabari za digrii mbili au tatu kati ya springi na ekseli. Za alumini siziamini, weka za chuma.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Chasisi ikae kwenye stendi, usiiachie jeki. Yuboti za zamani, bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, kata, funga mpya. Hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshika majani pamoja, kimeingia kwenye tundu lake. Bolti za bushi, zile raba za kwenye ncha za springi, zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa hewani, raba inajipinda na kupasuka. Yuboti kaza tena baada ya kilomita 500, kwa sababu zikilegea ndipo senta bolti inakatika. Ekseli ikining'inia mpaka mwisho, hozi ya breki isivutike.

Propela ya mbele, ile shafti inayozungusha difu ya mbele, sikuahidi kitu baada ya kunyanyua. Magari mawili ya mwaka mmoja, springi za seti ya aina moja, moja linatetemeka na jingine limetulia, na kipimo cha pembe hakisemi kwa nini.

Ila usisahau vali ya breki za nyuma, ile yenye mkono unaoshikana na ekseli. Bodi ikipanda, vali inadhani gari halina mzigo na inapunguza nguvu nyuma. Rekebisha mkono wake. Fundi akisema aufunge juu kwa waya, mnyang'anye spana: gari likiwa tupu na barabara ina maji, magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya ya mbele.