Je, wajua kwa nini kompyuta hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde?

Ukifungua Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, kwa mara ya kwanza, kabla hujabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi, kuna namba imekaa kwenye mipangilio ya sauti: 44100. Wengi huipita tu. Mimi niliipita muda mrefu, nikidhani ni mambo ya mafundi. Lakini itazame vizuri, ni namba ya ajabu. Mtu akiachiwa achague mwenyewe angesema 40,000, au 50,000 tuseme, namba zilizonyooka. Hizo 4,100 za juu zimetoka wapi?

Kwa ufupi, masikio ya binadamu yalidai 40,000 na kitu, na hicho “kitu” kikaja kuamuliwa na kanda za video.

Tuanze na kinachotokea unapoimba. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Maiki inaugeuza msukumo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta haijui kupanda wala kushuka, inajua namba. Kwa hiyo ndani yake, au ndani ya kile kiboksi cha sauti unachochomeka kwa USB, kuna kifaa kinachochungulia umeme ule na kuandika namba, kinachungulia tena, kinaandika tena. Kila namba ni sampuli. Wimbo wa dakika tatu unakuwa orodha ya namba 7,938,000, na hiyo ni chaneli moja. Kama kuna ya kushoto na ya kulia, zidisha mara mbili. Hakuna sauti iliyolala ndani ya kompyuta. Kuna orodha tu.

Sasa uchunguliaji huo uwe wa haraka kiasi gani? Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, aliweka msingi wa jibu mwaka 1928 alipokuwa akichunguza telegrafu. Mwaka 1949 Claude Shannon akalithibitisha kwa hesabu kamili: wimbi lolote litaandikika sawasawa ikiwa utalipima zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Sikio la kijana mzima husikia hadi karibu hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mara mbili yake ni 40,000. Chini ya hapo, hesabu inakudanganya.

Udanganyifu wenyewe umekwisha kuuona. Elekeza kamera ya simu kwenye pangaboi linalozunguka kwa kasi, kisha tazama video: mara mapanga yanakwenda polepole, mara yamesimama, mara yanarudi nyuma. Pangaboi halijarudi nyuma. Kamera imepiga picha chache mno kulinganisha na kasi yake, na macho yakaunganisha picha hizo kwa njia isiyo ya kweli. Sauti nayo hufanya hivyo hivyo. Mlio wa hezi 30,000, ambao hakuna binadamu anayeusikia, ukipimwa mara 44,100 kwa sekunde utajitokeza kwenye rekodi kama mlio wa hezi 14,100, tena unasikika vizuri tu! Kwa sababu hiyo lazima pawe na kichujio kinachozuia sauti za juu mno kabla hazijafika kwenye kipimo. Na kichujio hakikati kama kisu. Huanza kupunguza taratibu, kwa mteremko. Mteremko unahitaji nafasi. Basi 40,000 ikawa haitoshi, ikatakiwa namba iliyozidi kidogo.

Kuzidi kwa kiasi gani? Hapo ndipo hadithi inapoacha sayansi na kuingia sokoni. Sauti ya chaneli mbili yenye biti 16 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) kwa kila sampuli hutoa biti 1,411,200 kila sekunde. Miaka ya 1970 kuhifadhi mzigo huo kwenye diski ya kompyuta lilikuwa jambo la gharama ya kutisha. Lakini kulikuwa na mashine moja iliyozoea kumeza mamilioni ya alama kwa sekunde: mashine ya kurekodi video. Wahandisi wa Japani wakazigeuza biti kuwa vidoa vyeupe na vyeusi, wakavirekodi kwenye kanda ya video kana kwamba ni picha. Ukiunganisha televisheni kwenye kanda kama hiyo huoni mtu wala nyumba, unaona chengachenga zinazocheza.

Picha ya televisheni hupangwa kwa mistari. Katika mfumo wa Japani na Marekani, kila mkupuo wa picha ulikuwa na mistari 245 inayofaa kwa kazi hiyo, na mikupuo 60 kwa sekunde. Kila mstari ukabeba sampuli 3 za kila chaneli. Piga hesabu: 245 mara 60 mara 3. Ni 44,100. Katika mfumo wa Ulaya, ule wa PAL ambao ndio uliotumika hata Kenya na Tanzania, mistari ilikuwa 294 na mikupuo 50. Zidisha kwa 3 uone. Ni 44,100 ile ile. Namba moja ikafaa kwa mashine za pande zote mbili, hakukuwa na sababu ya kutafuta nyingine. Sony ilitoa mashine yake ya kazi hiyo, PCM-1600, mwaka 1978, na CD zilipoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982, namba ilikuwa imeshakaa kitako. Kanda zile zimekufa, CD nazo zinakufa, namba imebaki kwenye laptopu yako.

Watu wa filamu wao wana 48,000. Kama unarekodi sauti ya video, weka hiyo. Kama ni wimbo, 44,100 inatosha. Atakayekwambia lazima uweke 96,000 ndipo upate sauti ya “kistudio”, msikilize kwa adabu kisha endelea na kazi yako. Watu hufikiri kwamba katikati ya sampuli moja na nyingine pana pengo, kama ngazi, na kwamba sampuli nyingi huziba mapengo. Hapana. Ndani ya mpaka ule wa Nyquist, kuna wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye namba zote hizo, na kifaa cha kuchezea sauti hulichora lote, laini, bila ngazi. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji litakusaidia zaidi ya 96,000.

Kinachomuumiza anayeanza ni ukubwa wa kila namba. Biti 16 zinatoa ngazi 65,536 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na juu kabisa ni dari halisi. Hakuna namba iliyo juu yake. (Kwenye kipimo cha programu dari hiyo imeandikwa sifuri, na zilizo chini yake ni hasi, jambo linalowachanganya wengi siku ya kwanza.) Niliwahi kurekodi kaswida ya watoto wa madrasa ya mtaani. Beti zilitoka safi. Walipofika kwenye kiitikio wakapaza sauti wote kwa pamoja, taa nyekundu ikawaka, nami nikajisemea nitarekebisha nyumbani. Nyumbani nikavuta picha ya wimbi karibu, nikakuta vilele vyote vimekatwa bapa, namba ile ile ya mwisho imeandikwa tena na tena. Nikapunguza sauti, nikapata ubapa uleule, ila wa chini, na mkwaruzo wake. Umbo la vilele halikuandikwa popote, basi ningelirudisha kutoka wapi? Kanda za zamani za sumaku zilikuwa na huruma kidogo, zilibana sauti polepole kabla ya kuiharibu. Orodha ya namba haina huruma hiyo. Siku hizi narekodi kwa biti 24 na naacha sauti kubwa kabisa ifike kama hasi 12 kwenye kipimo kile cha programu.

Ukishaona orodha badala ya sauti, hata uhariri unaeleweka. Ukikata neno katikati ya wimbi, namba inaruka ghafla, tuseme kutoka 9,000 hadi hasi 4,000, na spika nayo inaruka: unasikia “tak!” Kata pale wimbi linapovuka sifuri, mlio hauji. Audacity ina kitufe cha Z kwa kazi hiyo, kinasogeza kingo za ulichochagua hadi kwenye sifuri iliyo karibu.

Na kuchanganya sauti? Ni kujumlisha. Programu inachukua namba ya ngoma, ya gitaa, ya mwimbaji, za wakati uleule, inazijumlisha kuwa moja. Sauti sita ndogo ndogo ambazo kila moja peke yake iko mbali na dari, zikijumlishwa zinaweza kuigonga. Kwa hiyo ukikaa pembeni ya prodyuza mzoefu, mwimbaji akalalamika kwamba sauti yake haisikiki, usishangae ukiona mkono unakwenda kushusha ngoma, kisha kinanda, kisha gitaa, na ya mwimbaji haijaguswa.