Besi nafuu yenye rangi: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba gitaa la besi la umeme haliwezi kutoa sauti nzuri bila mbao adimu na ghali. Ukweli ni kwamba mwili wake mgumu haufanyi kazi ya kasha la mvumo, tofauti na ule wa gitaa lisilo la umeme. Uzi wa chuma unapotetema juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, hutokeza umeme kidogo ndani ya waya huo, na umeme huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Mchango wa mbao upo, lakini nyuzi, pikapu yenyewe na mahali ilipofungwa huamua mengi zaidi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Danelectro ya Marekani iliunda magitaa ya bei ya chini kwa hadibodi, yaani ubao wa nyuzinyuzi za mti zilizoshindiliwa, iliyobandikwa juu ya fremu ya mbao, na sauti yake inapendwa hadi leo.

Wengine huamini kwamba chombo chenye pikapu moja na vitufe viwili ni cha mwanafunzi tu. Precision Bass, besi ya umeme ambayo mtengenezaji Mmarekani Leo Fender aliitoa mwaka 1951, ilikuwa hivyo hasa: pikapu moja, kitufe cha sauti, kitufe cha toni, na shingo iliyofungwa mwilini kwa skrubu. Pikapu yake iligawanywa vipande viwili mwaka 1957, lakini usahili ule ulibaki, na wapigaji wa kulipwa hawakuuacha.

Kuhusu rangi, husemwa kwamba rangi kali ni anasa inayopandisha gharama. Mimi naona kinyume chake, na hapa ndipo mbunifu mwenye bajeti ndogo anapopata nafasi yake kubwa. Anayetaka mwili uonekane kama mti wenyewe hulazimika kutafuta kipande kizuri kisicho na doa, ilhali rangi nzito isiyopitisha mwanga huficha maungio ya vipande vya kawaida vilivyogundishwa pamoja, mradi mbao ni kavu na imepigwa msasa vizuri. Kampuni ya Fender yenyewe ilitumia rangi za magari. Bamba la plastiki la rangi nyingine, likibeba pikapu na vitufe vyote, hupamba chombo na pia huruhusu nyaya zote ziunganishwe mezani kabla ya kufungwa mwilini.

Besi fupi nayo hudhaniwa kuwa kitu cha watoto, ingawa Paul McCartney wa bendi ya Beatles alijipatia umaarufu akipiga besi ya Höfner yenye nyuzi za urefu wa takriban milimita 762 badala ya 864 zilizozoeleka. Kasoro yake ya kweli ni ya kifizikia: kwa uzi uleule na noti ileile, mkazo wa uzi hupungua kwa takriban asilimia 22, hivyo uzi wenye sauti nzito kuliko zote hulegea, na dawa yake ni uzi mnene zaidi.

Dhana yenye madhara makubwa ni kwamba kwa kuwa mwili unaweza kuwa wa mbao yoyote, basi na shingo pia. Nyuzi nne za besi ndefu huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, kwa hiyo shingo huhitaji mbao ngumu, iliyokauka, pamoja na chuma cha kuinyoosha ndani yake. Kwa urefu wa milimita 864, freti ya kwanza, yaani ukingo mwembamba wa chuma unaokatiza shingo, hukaa milimita 48.5 kutoka mwanzo wa uzi upande wa kichwa cha gitaa, na ya 12 katikati kabisa, milimita 432. Kufikia freti ya 20 nafasi kati ya freti na freti imebaki kama milimita 16, hivyo kosa la milimita 1 hapo ni karibu sehemu ya 16 ya nusu toni, yaani hatua ya sauti kati ya freti mbili zinazofuatana, nalo haliondolewi kwa kusogeza daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini, kwa sababu daraja hurekebisha urefu wa uzi mzima, si freti moja.