Je, wajua kliniki humjuaje mgonjwa ambaye hakuja?

Mgonjwa wa presha asipofika kliniki, daktari hana wa kumuuliza. Anawaona waliopo kwenye foleni tu, na faili la asiyekuja limetulia kabatini. Mbona basi vipo vituo vinavyogundua mapema na kumpigia simu?

Vina rejista ya ugonjwa. Faili humhusu mtu mmoja. Rejista huwakusanya wote wenye ugonjwa fulani, na vipimo vyao vya mwisho na tarehe za kurudi. Enzi za daftari, kuwajua waliopotea kulimaanisha kupekua ukurasa kwa ukurasa. Kumbukumbu zikiwa kwenye kompyuta, majina hayo hutoka kwa dakika chache.

Ugumu uko kwenye kuamua nani aingie. Chukua kisukari. Ukisema "kila anayetumia metformin", dawa ya kushusha sukari, utawaingiza wanawake wanaopewa dawa hiyo kwa matatizo ya ovari. Ukitegemea maandishi ya daktari pekee, utawaacha ambao ugonjwa wao haukuandikwa ingawa HbA1c yao, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, imefika 6.5% au zaidi. Ndiyo maana rejista nzuri huoanisha maelezo ya daktari, dawa na majibu ya maabara. Halafu kuna majina: Mohamed wa Januari na Muhammad wa Machi huenda ni mtu mmoja.

Afrika Mashariki haikuanza jana. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutengenezwa 2004. KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa ya Kenya na Uganda, imejengwa juu yake.

Kwenye VVU faida ya rejista ni kubwa mno, kwa sababu mtu akikatiza ARV virusi huongezeka tena na vinaweza kuwa sugu. Kumpata mapema ni tofauti kabisa na kumpata akiwa hoi.

Hata hivyo kompyuta haiendi nyumbani kwa mtu. Anayeenda ni mhudumu wa afya ya jamii, na pengine ataambiwa mgonjwa alihama au alifariki. Taarifa hiyo isiporudishwa kwenye mfumo, familia iliyofiwa itaendelea kupigiwa simu. Na mhudumu akifika mlangoni, hapaswi kumtajia yeyote mwingine ugonjwa uliomleta.