Mombasa inatosha watu wangapi?

Bibi mmoja wa Kisauni aliniita nionje maji ya kisima chake. Alipoolewa pale yalikuwa matamu, akapikia na kunywa. Sasa yana chumvi, hata chai haiandaliki. Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, na nikiulizwa Mombasa inatosha watu wangapi, huanzia kisimani.

Mji wetu umekalia mwamba wa matumbawe. Mvua hupenya humo, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Pampu ikishusha usawa wa maji matamu nusu mita tu, baada ya muda chumvi hupanda kama mita 20. Ndiyo maana visima vyetu huharibika kabla havijakauka. Tena vyoo vya shimo vimechimbwa kwenye mwamba uleule wenye matundu, na nyumba zikisongamana, shimo na kisima hukaribiana. Hili ndilo linaloniumiza zaidi: chumvi utaionja, vijidudu vya kipindupindu huvionji.

Sensa ya 1969 ilihesabu watu 247,073. Ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Mwamba ni uleule. Tumekidhi haja kwa maji ya wenzetu: ya chemchemi za Mzima, yanayotokana na mvua ya vilima vya Chyulu na kusafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba, na ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Kwa hivyo anayekata miti Chyulu anagusa mfereji wa Mombasa.

Wapo wanaosema tuzae kidogo, basi. Tumeshapunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Bado tunaongezeka, kwa sababu vijana waliokwisha kuzaliwa ni wengi nao wanaanza kuzaa, na mji wa bandari huvuta watafutao kazi. Nataka kila mwanamke apate uzazi wa mpango anaouchagua, kwa ajili ya maisha yake mwenyewe. Lakini familia ndogo haizibi bomba linalovuja, wala haimpunguzii bei anayenunua maji kwa mtungi, ambaye kila lita humgharimu kuliko mwenye mita nyumbani.

Wareno walijenga birika la mvua ndani ya Fort Jesus. Mapaa yetu leo yanamwaga mvua barabarani. Nilipima la yule bibi: mita za mraba 60. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, yaani lita 60,000 juu ya paa lake, mitungi 3,000 ya lita 20, kabla ya kutoa kinachopotea. Gata ameshafunga. Tangi bado wanachangishana na wanawe.