Je, wajua kwa nini ngao ya sponji huweza kuumiza kuliko upanga wa sponji?

Nchini Marekani kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, ambao mwisho wa juma huenda uwanjani kupigana vita vya kale kwa panga, mikuki na ngao zilizovikwa sponji. Mchezo wa Dagorhir ulianza mwaka 1977 huko Maryland, na Amtgard ukafuata mwaka 1983 mjini El Paso, Texas. Belegarth ulichipuka baadaye kutoka Dagorhir. Anayefika mara ya kwanza huogopa panga. Waliozoea huwa na wasiwasi zaidi na ukingo wa ngao.

Tuanze na uzito. Upanga wa sponji ni fimbo nyepesi iliyovikwa sponji, na uzito wake mara nyingi huwa kama nusu kilo. Ngao ina ubao au plastiki ngumu ndani, inaweza kufika kilo tatu au nne, na nyuma yake yupo mtu anayekuja mbio. Dagorhir na Belegarth wanaruhusu kumgonga mwenzako kwa ngao hadi aanguke, Amtgard wanakataza. Tena, katika Dagorhir hairuhusiwi kumpiga mtu kichwani kwa upanga, ila ukingo wa juu wa ngao unakaa karibu na kidevu, na mtu akijikwaa ngao haikumbuki kanuni.

Tupige hesabu kidogo. Ngao ya kilo 4 ikienda kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde inabeba nishati ya jouli 18. Ikigonga mfupa kwa ubao mtupu na kusimama ndani ya milimita 2, kani ya wastani ni nyutoni 9,000. Ikiwa sponji itabonyea sentimita 3 kabla ngao haijasimama, kani inashuka hadi nyutoni 600, yaani mara kumi na tano chini. Na hapo hatujauhesabu mwili wa mwenye ngao, wala ukweli kwamba ukingo wa plaiwudi ya milimita 6 hulimbikiza kani yote kwenye mstari mwembamba, wakati sponji pana huitawanya. Kwa hiyo kinachomwokoa aliyegongwa ni ule umbali ambao sponji inaweza kubonyea. Ulaini peke yake hautoshi.

Wengi hukosea hapa. Wakisikia usalama, wanakata kipande cha godoro laini kuliko yote na kukizungushia ngao. Sponji ya godoro imejaa vijumba vya hewa vilivyo wazi, na hewa hupita toka kimoja hadi kingine. Ikibonyezwa kidogo ni tamu sana. Ikigongwa kwa nguvu hewa yote hutoka, kuta za vijumba hulaliana, na kutoka hapo ni kama umegongwa na ubao wenyewe. Sponji ya aina ya pili, ile ngumu kidogo inayotumika kwenye malapa na mikeka ya mazoezi, ina vijumba vilivyofungwa, na hewa iliyonaswa ndani inaendelea kusukuma. Hiyo ndiyo inayofaa ukingoni. Mafundi wa mchezo huu hupenda sponji ya polithini yenye uzito wa kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo, kisha juu yake wanaweza kuweka tabaka jembamba la sponji laini. Tabaka laini linapokea mguso mdogo, ngumu inasubiri pigo zito. Wanaoanza hutumia yale mabomba marefu ya sponji ya kuchezea kwenye bwawa la kuogelea, wanayapasua upande mmoja na kuyavalisha ukingoni. Yanafaa kwa muda mfupi, maana huchoka haraka.

Ubao wenyewe nao una adabu zake. Pembe kali hazitakiwi: kona hukatwa mviringo, na ukingo husuguliwa kwa msasa ili usiikate sponji kutoka ndani. Sponji ya ukingo haikomi pale ubao unapoishia. Inatokeza nje kwa sentimita kadhaa. Wengine huacha plaiwudi na kukata ngao kutoka kwenye pipa la plastiki la lita 200, kwa kuwa ni jepesi, halivunjiki vipande vyenye ncha, na lina mpindo wake tayari. Boliti za kushikilia mikanda ya mkono huwa na kichwa bapa upande wa mbele, chini ya sponji, na washa pana ili kisizame. Nati hubaki ndani, nazo hufunikwa. Nasisitiza hili la ndani kwa sababu watu hulisahau: ngao ikipigwa teke, inarudi kwa mwenyewe, na meno yaliyo karibu zaidi na ukingo wa juu ni ya huyo aliyeishika.

Gundi inayotumika ni ile ya fundi viatu, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo vipande vikutanishwe. Ukiviunganisha ikiwa mbichi, kiyeyushi kinanaswa ndani na kinaweza kuila sponji. Fanya kazi hiyo nje, penye upepo. Mvuke wake unalevya kwelikweli.

Kisha kuna kishawishi cha kuviringisha ngao nzima kwa utepe wa plastiki wenye gundi, kwa kuwa ni rahisi na unang'aa. Juu ya sponji laini utepe huo unaziba njia ya hewa, na ngao inakuwa kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi: inadunda badala ya kunywea. Kitambaa ni bora, kinapitisha hewa na hakikwaruzi ngozi. Kikishonwa kama foronya, chenye kamba au zipu nyuma, kinavuliwa na sponji inakaguliwa.

Kukagua ni lazima, kwa sababu sponji hufa. Katika Dagorhir na Belegarth silaha ya mikono miwili ikiipiga ngao vizuri mara mbili, ngao huhesabiwa imevunjika na mwenyewe anaitupa. Maana yake ni kwamba ngao zinapigwa kwa nguvu na kwa makusudi, na ukingo wa juu unapata sehemu kubwa. Vijumba hupasuka kidogo kidogo huku kwa nje kitambaa kikionekana kipya kabisa. Jua nalo huigeuza sponji ya godoro kuwa ya njano na kuifanya imong'onyoke, na baridi kali huikaza sponji, ndiyo maana ngao iliyopita ukaguzi kiangazi inaweza kukataliwa majira ya baridi.

Ukaguzi hufanywa kabla ya mapigano. Mkaguzi anapitisha kidole gumba kuzunguka ukingo mzima, akibonyeza kwa nguvu kila hatua. Akiuhisi ubao mahali pamoja tu, ngao inawekwa kando hadi kipande hicho kibadilishwe.