Kijibwa analia usiku kucha? Acheni kuambiana "muache, atazoea"

Hii kauli nimeichoka jamani. Kila mara mtu anaingia kliniki macho mekundu, kapakata Chihuahua au Maltese au hawa Japanese Spitz weupe waliojaa mjini siku hizi, anataka dawa ya kumnyamazisha mbwa maana nyumba nzima hailali, nikimuuliza analala wapi jibu ni lile lile: "Stoo, daktari, nimeambiwa nimuache alie atazoea, nikimfuata nitamdekeza." Na aliyemwambia ni jirani, ni shemeji, au ni huyo huyo aliyemuuzia.

Si kudeka. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 jana yake alilala amebanana na mama yake na wenzake, leo umemtia stoo peke yake juu ya marumaru ya baridi, mlango umefunga, taa umezima. Anaita mama yake, basi, hajui kingine cha kufanya. Na wengi mnauziwa wakiwa na wiki 5 au 6 kwa sababu muuzaji anataka hela yake mapema, hapo mkatae kabisa, chini ya wiki 8 mtoto asitoke kwa mama yake.

Najua mtaniambia mbona wa fulani aliacha siku ya tatu. Ndiyo, wapo wanaonyamaza, ila kunyamaza siyo kutulia. Nimeshaletewa mtoto wa mbwa sauti imekauka hata kubweka hawezi, kucha mbili za mbele zimevunjika na damu imegandia kwenye manyoya kwa jinsi alivyokwaruza mlango usiku kucha, na mwenye mbwa anafurahi eti jana alikuwa kimya. Alikuwa kachoka! Wa namna hiyo mara nyingi akikua hawezi kubaki peke yake hata kidogo, ukishika tu ufunguo wa gari anaanza kutetemeka na kukojoa.

Halafu kinachonikera zaidi, hiyo "muache alie" wengi hamuimalizi. Unavumilia saa nzima, jirani anagonga ukuta, unachoka unaenda kumfungulia, kwa hiyo umemfundisha kwamba akilia saa nzima anafunguliwa, kesho atalia saa nzima na zaidi, na kesho yake unakuja kwangu kuomba dawa.

Na kuna kibofu, hiki watu wanasahau kabisa. Mbwa wa miezi 2 hawezi kubana mkojo zaidi ya masaa mawili matatu, na hawa wadogo wa kilo moja na kitu ndio usiseme. Akilia saa saba usiku anakwambia anataka kutoka, usipomtoa anajikojolea pale pale anapolala, halafu asubuhi mnamsema ni mchafu.

Mimi nawaambia wateja wangu hivi. Tafuta boksi gumu au keji, tandika kanga yako kuukuu uliyoivaa na usiifue, harufu yako ibaki, weka kando ya kitanda mkono wako ufike. Akilia, teremsha mkono umguse, usiongee. Weka alamu ya saa saba na ya saa kumi, umtoe wewe KABLA hajaanza kulia, akojoe, msifu kidogo kwa sauti ya chini, rudisha kwenye boksi. Usiwashe taa kubwa, usimpe mpira wala biskuti, ajue usiku hakuna mchezo. Akishatulia siku kadhaa anza kusogeza boksi taratibu kuelekea mlangoni mpaka lifike unapotaka alale. Kama hutaki mbwa chumbani, na wengine ni kwa sababu ya dini, naheshimu hilo kabisa, basi wewe ndio utandike godoro karibu na alipo yeye hizo siku za mwanzo. Watu wananikatalia hapo, wanaona ni kazi. Ni kazi kweli, ila ni ya muda mfupi.

Halafu kuna kauli nyingine ninazosikia kuhusu mbwa asiyelala. "Mpe Piriton alale." Hapana. Kidonge kimoja ni miligramu 4, kwa mbwa wa kilo 2 hiyo ni nyingi mno, sisi tukiitoa ni kwa ajili ya mzio na tunapima kwa kilo. Diclofenac, ibuprofen, panadol, hizo ndio msiguse kabisa, zinaharibu tumbo, figo na ini. Pombe pia, acheni.

"Mchape." Unamchapa kwa sababu anaogopa, sasa anakuogopa na wewe.

"Anaona majini." Mbwa anasikia sauti hadi karibu hertz 45,000, sisi tunaishia 20,000, kwa hiyo panya wa darini ambao wewe huwasikii yeye anawasikia vizuri tu. Kabla ya kuita mtu wa dua, funua masikio uangalie kupe, pekua manyoya uone viroboto, na uniambie mara ya mwisho alipewa lini dawa ya minyoo. Mbwa anayejikuna usiku kucha hamlali, wewe wala yeye.

"Ni uzee tu." Mbwa mzee anayezunguka nyumba usiku, anabwekea ukuta, anakwama kwenye kona, huyo ubongo unachoka na kuna vya kumsaidia. Na kama anakunywa maji sana anakojoa sana, inaweza kuwa figo au kisukari, usimnyime maji jioni eti asikojoe, utamuua, mlete apimwe.

"Anakohoa sababu ya feni." Mbwa wadogo wana matatizo ya mrija wa hewa kulegea, kikohozi chake ni kama bata bukini, na ya valvu (vilango) za moyo hasa wakizeeka. Mtoe mkanda wa shingoni mvalishe wa kifuani, halafu akiwa amelala hesabu pumzi kwa dakika moja, zikizidi 30 kila ukihesabu usisubiri Jumatatu.

Ila mbwa aliyebadilika ghafla, sauti imekuwa nyingine, halali, anauma chochote, mate yanamtoka, huyo usimshike, mfungie na umpigie daktari wa mifugo, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akikuuma osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa wako apate chanjo ya kichaa kuanzia miezi 3, na kila mwaka, hata kama hatoki getini.

Na mkija kliniki njooni na video ya usiku kwenye simu, maana mchana mbwa mnayemleta amelala fofofo mezani kwangu na mimi sina cha kuona.